Bomba limevunjika, mahari i mfukoni

Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tulifunzwa tangu utotoni, tukaiandika madaftarini na kuitungia insha. Lakini mimi, pamoja na mvi zangu hizi, sikuijua maana yake kamili mpaka siku nilipoingia Garissa ndani ya gari linalonguruma kama ndege ya vita, na fedha za mahari zimefungwa kitambaani, kifuani mwa dada yangu mkubwa.

Kisa chenyewe nitakieleza kwa urefu, wasomaji wapenzi, kwa kuwa kina faida kwa kila mwenye gari kuukuu. Na wenye magari mapya miongoni mwetu si wengi.

Mpwa wangu, kijana wa Mombasa, alisoma na binti wa Kisomali wa Garissa, na moyo wake ukapenda. Mambo yalikubaliwa pande zote mbili, ikabaki sisi wazee kufika na kusema maneno ya wazee. Tukaondoka Mombasa baada ya sala ya alfajiri katika gari lake mwenyewe, Toyota Probox, gari ambalo leo limekuwa punda wa Kenya nzima. Mpwa wangu alikuwa usukanini, mimi ubavuni pake, na nyuma walikaa dada yangu, binti yake, na mjukuu wa miaka sita. Nyuma yao kabisa tulipakia maboksi ya haluwa, mifuko ya viungo na makanda ya tende, hata mlango wa nyuma ukakataa kufunga. Tukaufunga kwa kamba, ukabaki wazi kiasi cha shubiri mbili.

Tulipita Malindi, tukapita Garsen, tukaufuata mto Tana kuelekea juu. Baada ya Hola gari lilitumbukia shimoni, chuma kikagonga jiwe kwa kishindo, na papo hapo tukasikia mngurumo chini ya miguu yetu. Mpwa wangu alishuka, akachungulia uvunguni, akarudi akipangusa mikono.

"Ni ekzosi tu, mjomba. Bomba la moshi limepasuka. Gari litakwenda."

Na kweli likaenda. Tulipandisha vioo kwa ajili ya vumbi, tukaendelea. Kabla ya kufika Bura mtoto alianza kulalamika kuwa tumbo linamchafuka, kisha akatapika. Binti wa dada yangu alisinzia, kichwa kikimwangukia kifuani. Dada yangu akasema paji la uso linampasuka. Mimi mwenyewe nilihisi uzito machoni, nikasema ni jua. Nani asiyelijua jua la huko? Tulipofika Madogo tulisimama kusali alasiri, tukaketi kivulini na kunywa maji. Baada ya muda mtoto alikuwa anakimbia, na dada yangu anatabasamu. Tukamshukuru Mola kwa kivuli, wala hatukufikiri zaidi ya hapo.

Tukalivuka daraja la Tana kuingia mjini. Askari wa darajani alitusikia kabla hajatuona.

GEREJI YA KWANZA

Usiku ule tulilala kwa mwenyeji wetu. Posa ilikuwa kesho yake baada ya alasiri, na dada yangu aliapa kuwa hatafika kwa wakwe kwa gari linaloamsha wafu. Basi asubuhi tukaanza kutafuta fundi.

Gereji ya kwanza, ambayo jina lake nitaliacha, ilitupokea kwa viti na chai. Fundi mkuu alitazama mara moja tu, kisha akatamka: shilingi 35,000, bomba zima jipya kutoka injini hadi mkiani. Mpwa wangu alinitazama, nami nikamtazama dada yangu, naye akashika kifua chake. Fundi alipoona nyuso zetu akatupa njia ya pili: atakata sailensa na kile kidude cha mbele yake, aweke bomba tupu moja kwa moja, "injini ipumue", na kwa kazi hiyo hatatoza chochote ila kidude chenyewe abaki nacho.

Bure ni neno tamu, wasomaji. Lakini nilipokuwa mtoto chuoni mwalimu wetu alitufunza kuwa mtu akikupa kitu bure, muulize kwanza anachukua nini. Nikasema tutafikiri, tukaondoka tukinguruma.

FUNDI MWENYE SIKIO

Mwenyeji wetu alitupeleka upande mwingine wa mji, kupita Soko Mugdi, kwa mafundi wa jua kali. Hapo hapakuwa na kiti wala chai. Palikuwa na mwembamba mmoja wa kivuli cha turubai, mashine ya kuchomelea, rundo la vyuma chakavu, na kijana wa miaka kama thelathini aliyekuwa amelala chali chini ya lori. Alitoka, akanawa mikono kwa mchanga, akatusalimu vizuri. Mimi akaniita Adeer, kama vijana wa Kisomali wanavyomwita ami yao na kila mzee wa rika lake.

Jambo la kwanza aliloniuliza lilinishangaza.

"Adeer, watoto walikaa wapi?"

"Nyuma."

"Na mlango huu ulifungwa hivi toka Mombasa?"

"Toka Mombasa."

Akavuta boksi moja la haluwa, akaligeuza. Upande ulioelekea pengo la mlango ulikuwa umeingia weusi. Akapitisha kidole, akanionyesha masizi.

"Moshi huu ulipanda gari bila kulipa nauli," akasema. "Kichwa hakikuwauma?"

Hapo mimi na dada yangu tukanyamaza.

Kisha akatuomba gari lipoe. Lilipopoa alilipandisha kwa jeki, akaegemeza kwa magogo mawili kwa kuwa hakuiamini jeki peke yake, akaziba magurudumu kwa mawe. Alimwambia mpwa wangu awashe injini, naye akashika kitambaa kinene, akaziba mdomo wa bomba kule mkiani kwa sekunde chache. Bomba zima lisilo na tundu, alitueleza, huisukuma nyuma pumzi, na injini huanza kukosa nguvu. Bomba lililotoboka hupiga mluzi pale penye tundu, na sikio ndilo linaloonyesha. Baada ya hapo aliizima injini, akachukua nyundo ndogo akawa anagonga bomba taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Chuma kizima kiliitika kwa sauti ya kengele, na chuma kilichooza kikajibu kwa sauti ya boksi. Nilimkumbuka mwalimu wangu wa chuoni, aliyekuwa akifumba macho watoto thelathini wakisoma pamoja, kisha akamnyooshea bakora yule mmoja aliyekosea kuvuta.

Akachora mchangani kwa kijiti ili nasi tuelewe. Moshi hutoka kwenye injini ukikusanywa na manifoldi, chombo cha chuma kilichofungwa ubavuni mwa injini. Hapo huingia bomba la mbele, lenye kipande cha kunyumbuka kilichosukwa kwa nyuzi za chuma ili injini ikitikisika bomba lisikatike. Kisha kuna katalisti, kisafisha moshi, ambacho ndicho kile kidude cha gereji ya kwanza. Baadaye sailensa, tumbo la bati lenye vyumba ndani linalomeza kelele, na mwisho mkia. Vyote hivyo vinaning'inia kwa raba chini ya sakafu ya gari.

La kwetu lilikuwa limekatika pale kwenye kipande cha kunyumbuka, na raba mbili zilikuwa zimekwisha siku nyingi. Bomba lilikuwa likining'inia kama tawi lililovunjika, na shimo la Hola lilimalizia tu kazi iliyokwisha anza.

SUMU YA JIKO LA MAKAA

Kila mtu wa pwani anajua habari ya jiko la makaa. Usiku wa baridi watu huingiza jiko chumbani, hufunga dirisha, na asubuhi jirani huvunja mlango. Hewa inayoua ndani ya chumba kile ndiyo hiyo hiyo inayotoka kwenye injini ya petroli. Wataalamu huiita kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haikwaruzi koo. Moshi wa gari una harufu yake, ni kweli, lakini sumu iliyomo ndani yake haina, na inaweza kuwapo hata pale ambapo pua haisikii kitu.

Inavyofanya kazi ni kwamba damu yetu hubeba hewa safi kama mashua inavyobeba abiria. Sumu hii hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara zaidi ya 200. Ikishakaa katika mashua, oksijeni haina pa kukaa. Mtu huumwa kichwa, hupata kizunguzungu, hutapika, husinzia, na akizidiwa hushindwa hata kufungua mlango. Watoto, wajawazito na wagonjwa wa moyo ndio wanaoanza kuumia. Dalili yake kubwa ni kuwa watu walio pamoja huugua pamoja, nao hupata nafuu wakitoka nje. Tulipopata nafuu pale Madogo tulikisifu kivuli, kumbe tiba ilikuwa ile hewa ya wazi.

Fundi yule alitueleza jambo jingine ambalo sikulijua. Gari likikimbia huacha utupu nyuma yake, na utupu ule huvuta hewa kuirudisha ndani. "Vumbi la barabara ya Wajir huingia gari kwa mlango gani, Adeer? Kwa nyuma. Basi na moshi ni vivyo hivyo." Mlango wetu uliofungwa kwa kamba, pamoja na vioo tulivyopandisha, ulikuwa umeligeuza gari kuwa chumba chenye jiko. Ni mara ngapi tunaziona Probox za aina hii barabarani, mizigo imefura nyuma, mlango umefungwa kwa kamba, na watoto wameketi juu ya magunia?

Basi lile neno "tu" la mpwa wangu, "ni ekzosi tu", ndilo lililotaka kutugeuzia posa kuwa tanzia.

KIRAKA CHA HAKI

Nilimuuliza fundi kama inapasa kununua bomba zima. Akacheka. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: fedha kidogo uliyo nayo, anza kuitumia karibu na injini na chini ya viti vya watu, kisha rudi nyuma. Tundu la mkiani ni kelele, na tundu la mbele ni uhai. Na kiraka hakishoni juu ya kitambaa kilichooza. Kata mpaka ufikie chuma kinachoitika, ndipo uunge.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kwanza alifungua waya wa betri, maana umeme wa mashine ya kuchomelea ukipita katika gari unaweza kuunguza kompyuta yake. Kisha alilitoa bomba la mbele nje kabisa, asichomelee chini ya gari karibu na tangi la petroli. Nati zilizoshikwa na kutu alizimiminia mafuta akazingoja, hakuzilazimisha. Alikata kile kipande kilichochanika kwa msumeno wa chuma, akasugua ncha kwa brashi ya waya hadi zikang'aa, akapachika kipande kipya cha kunyumbuka na kipisi cha bomba chenye upana ule ule. Alichomelea kwa kijiti chembamba, kwa vituo, hapa kidogo na pale kidogo, kwa sababu bati la bomba ni jembamba na moto mwingi hulitoboa badala ya kuliunga. Aliweka gasketi mpya kwenye kiungo. Raba alizikata mwenyewe katika ubavu wa gurudumu kuukuu, na hizo hakuzitoza.

Mwisho akawasha injini, akaziba tena mkia kwa kitambaa, akapaka povu la sabuni kwenye viungo kabla havijapata moto. Povu halikutoa hata puto moja. Nikakumbuka mafundi wa Matondoni kule Lamu wanavyokalafati jahazi kwa pamba na mafuta, wakipita kila mshono kwa subira. Hapo nikaona kuwa mtu wa jahazi na mtu wa bomba ni ndugu. Mmoja huzuia maji yasiingie, na mwingine huzuia moshi usiingie, na wote wawili hukalafati roho za watu.

Hesabu ilikuwa hii: kipande cha kunyumbuka shilingi 1,800, kipisi cha bomba 500, gasketi 300, na ujira 1,500. Jumla shilingi 4,100. Nilitaka kumwongeza akakataa, akasema tumwombee dua na tusifunge tena mlango kwa kamba.

Nilimwonyesha rundo la mabati yake nikamuuliza kwa nini hakutumia bati la paa, ambalo ni rahisi zaidi. Alitikisa kichwa. Bati lile limepakwa zinki, na zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaomtia fundi homa na baridi usiku kucha. Wapo wanaolitumia kwa kutojua, na wanaougua hudhani ni malaria.

Nikamuuliza pia kwa nini mabomba huoza. Alisema magari ya pwani na magari ya kwao hufa vifo viwili tofauti. Ya kwetu huliwa na chumvi ya bahari, na ya kwao huvunjwa na mawe na mtikisiko wa barabara za kokoto. Mafuriko nayo huongeza yake: mwezi wa Novemba 2023 mvua za El Niño zilipoikata barabara ya Nairobi karibu na Madogo, magari mengi yalipita majini, na maji yakiingia katika sailensa hukaa humo yakitafuna. Kisha yako maji ambayo watu hawayajui. Kila lita ya petroli inayoungua hutoa karibu lita nzima ya maji kwa njia ya mvuke. Gari linalokwenda safari fupi za sokoni na msikitini halipati moto wa kutosha kuyakausha, na hivyo sailensa huoza kutoka ndani, hali kwa nje inang'aa.

UKIKWAMA PORINI

Si kila mtu atavunjikiwa karibu na fundi. Kati ya Garissa na Dadaab, au kati ya Garissa na Modogashe, unaweza kukaa muda mrefu ukingoja gari jingine. Nilimwomba fundi anifunze la kufanya, naye akanieleza haya.

Simamisha gari penye ardhi tupu, si juu ya majani makavu, maana bomba lililopata moto linaweza kuyawasha na gari zima likaungua. Subiri bomba lipoe kabisa. Kama limening'inia, lifunge kwa waya wa chuma. Usitumie kamba wala plastiki, kwa kuwa vitayeyuka. Kama kuna tundu, chukua kopo la bati la maziwa au la nyanya, likate litandaze, lizungushe juu ya tundu mara mbili, kisha libane ncha zote mbili kwa vibano vya skrubu au kwa waya uliosokotwa kwa koleo. Ile gundi ya bomba inayouzwa katika maduka ya vipuri husaidia chini ya kopo, lakini huku nyuma tu ambako joto ni dogo. Karibu na injini itapasuka kabla hujafika mbali.

Kisha funga mlango wa nyuma kabisa, hata kama itabidi kuacha gunia moja njiani. Fungua vioo vya ubavuni, vumbi liingie, vumbi hunawika. Usiwashe injini gari likiwa limesimama na watu wamelala ndani. Mtu akisema kichwa kinamuuma, simama hapo hapo, watu washuke wapumue, na aliyezidiwa apelekwe hospitali. Kopo lile ni la kukufikisha kwa fundi, si la kukaa nalo mwaka.

KIDUDE CHA BURE

Sasa turudi kwenye kidude kile ambacho gereji ya kwanza ilitaka kubaki nacho kwa hisani. Ndani ya katalisti mna kitu kama sega la nyuki, na juu ya sega lile mmepakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, ambayo thamani yake hushindana na dhahabu. Kazi yake ni kuigeuza sumu ya kaboni monoksidi kuwa hewa isiyoua namna ile kabla haijatoka. Mafundi wasio na haya huwaambia watu kuwa inaziba pumzi ya gari, huikata, kisha huiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mwenye gari hushukuru kwa kufanyiwa kazi bure, hali ameibiwa mchana mbele ya macho yake.

Tena vidude hivi tumevipata kwa taabu. Petroli yetu zamani ilitiwa risasi, na risasi huua katalisti. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliachana na petroli hiyo ifikapo mwanzo wa mwaka 2006, na mnamo Agosti 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, likatangaza kuwa imekwisha kutumika duniani kote kwa magari ya barabarani. Baada ya jitihada zote hizo, tunakikata kidude kwa msumeno na kukigawa!

Ama kuondoa sailensa, hilo ni kosa pia mbele ya sheria ya barabarani ya Kenya, inayotaka kila gari liwe na sailensa inayofanya kazi. Na hata kama sheria isingekuwapo, kuna haki ya jirani. Dini yetu inamkataza mtu kujidhuru na kudhuru wengine, na inatukataza kujitia wenyewe katika maangamizo. Gari linalopita usiku likinguruma kando ya nyumba ya mgonjwa, au likitema sumu usoni mwa mtoto anayekwenda madrasa, lina deni, hata kama mwenyewe amelipa kila kitu.

HESHIMA YA CHUMA

Tulipokuwa tukingoja bomba lipoe nilimsifu fundi kwa kazi yake. Akajibu bila kuinua macho: "Adeer, wako watu hapa bado wanasema kazi ya chuma si kazi ya mtu mwenye ukoo. Lakini gari likivunjika hawaulizi ukoo."

Maneno yale yalinichoma. Katika mila za zamani za Wasomali wahunzi waliitwa Tumaal, na ingawa wafugaji waliwategemea kwa visu na mikuki, hawakuwaoza binti zao. Wala sisi wa pwani tusicheke, maana nasi tuna orodha zetu za nani wa kuoza na nani wa kunyima, na baadhi yetu hadi leo humwita fundi "huyo wa gereji" huku wakimwamini roho za watoto wao. Tumesahau kuwa katika Kitabu chetu mna sura yenye jina la Chuma, na kwamba Nabii Daud, amani iwe juu yake, alilainishiwa chuma mikononi mwake, akafundishwa kuunda deraya za kukinga watu vitani, akaamrishwa apime sawasawa. Ikiwa mtume hakuona haya kushika chuma, sisi ni nani?

Serikali nayo ilichelewa kuwaona mafundi hawa. Mnamo 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani waliandika ripoti kuhusu Kenya wakionyesha kuwa watu hawa wanaofanya kazi juani ni nguzo ya uchumi. Ikapita miaka, na mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi akawatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, akaagiza wajengewe vibanda vya kuwakinga jua. Kijana wetu wa Garissa bado anategemea turubai. Angalau tumpe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na tumtaje kwa wema.

Basi baada ya alasiri tulivaa kanzu zetu tukaenda kwa wakwe. Gari lilikwenda kimya, maboksi ya haluwa tumeyabeba mapajani ili mlango wa nyuma ufungike. Mzee wa nyumba alitutokea mlangoni, akatazama kushoto na kulia, akauliza kama tumekuja kwa miguu. Dada yangu akanikonyeza. Mahari ilitoka kifuani mwake ikiwa kamili, isipokuwa shilingi 4,100 ambazo mimi mjomba nilizijaza kutoka mfukoni mwangu, nami sijapata kutoa fedha kwa moyo mweupe kama siku ile.

Kurudi tulishusha vioo. Tulifika Mombasa tukiwa wekundu kwa vumbi, na hakuna aliyelalamika kichwa. Mjukuu aliimba njia nzima. Nami njiani nilitunga ubeti huu mmoja, nao nauacha kwa wenye magari kuukuu kama langu na la mpwa wangu:

Bomba likishavunjika, usingoje safarini,
Kiraka ukibandika, kibandike kwa yakini,
Moshi usiosikika, ndio adui garini,
Fundi wa kuaminika, ni johari ya thamani.